Gauni Jekundu Nyuma ya Kioo

Nilirudi Geita kufunga nyumba. Mume wangu tulikuwa tumemzika kwao, Shinyanga vijijini, na baada ya matanga mama mkwe wangu aliniambia niende nikachukue vyombo, nikabidhi ufunguo, kisha nirudi nikakae nao. Nikasema sawa. Siku zile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Mtu akiniambia kaa, nakaa. Akiniambia kula, natia tonge mdomoni na kutafuna mpaka aridhike aondoke. Wanawake pale msibani walikuwa wakinitazama kwa sababu sikuwa nimelia. Niliwasikia jikoni wakinong'ona kwa Kisukuma, wakidhani kwa kuwa mimi ni Msumbwa wa Ushirombo sitaelewa, kwamba mwanamke huyu ana moyo mkavu. Nilielewa vizuri. Sikuumia wala sikukasirika. Niliona kama wanamsema mtu mwingine, ambaye na mimi simpendi sana.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, katika zile nyumba za wafanyakazi zilizobaki mgodi wa dhahabu ulipofungwa. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa mgodi. Wenzake walipoondoka yeye alibaki, akawa fundi wa mji: jenereta, redio, pampu za maji, mashine za kusaga. Vumbi la miaka aliyofanya kazi chini ya ardhi lilibaki kifuani mwake, na ndilo lililomuua, polepole, kwa kikohozi cha miaka mitatu. Hatukujaliwa mtoto. Watu waliniita mke wa fundi, na baada ya mazishi wakaendelea kuniita hivyo hivyo.

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa natia masufuria kwenye gunia nikasikia hodi. Alikuwa mama mwenye baa, mwanamke mnene wa makamo, mjane naye, ambaye baa yake ilikuwa karibu na stendi. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wamebeba kitu kipana, chembamba, kilichofungwa kwenye blanketi la kijivu.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana." Aliingia, akatazama magunia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa viti nilikwisha kuvifunga kamba. "Najua si wakati wa kumletea mtu kazi. Lakini nimesikia unaondoka, na ukiondoka wewe sina mwingine."

Akawaambia wale wanaume wakilaze mezani, taratibu, na akafungua blanketi mwenyewe.

Kilikuwa kioo cha mashine ya gololi. Mashine ile niliijua kwa masimulizi tu. Ililetwa na Wazungu wa mgodini kwa ajili ya klabu yao: kisanduku kirefu chenye miguu minne, unavuta chuma chenye springi, gololi ya chuma inaruka juu, inashuka ikigongana na vikengele, na wewe unaizuia isianguke kwa vidole viwili vya plastiki unavyovichezesha kwa vitufe. Kwa mbele, juu ya kile kisanduku, husimama kioo chenye picha, na nyuma ya kioo kuna taa zinazowaka kuonyesha umepata ngapi. Mgodi ulipofungwa mama huyu aliichukua. Watu walitoka Kharumwa na vijiji vya huko kuja kuichezea, na wengi, nadhani, walikuja kuitazama tu picha ikiwaka.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akiitengeneza mashine ile. Mimi sikuwahi kuiona, kwa sababu sikuwahi kukanyaga baa. Nililelewa na masista, misheni, baada ya mama yangu kufariki, na mambo ya baa kwangu yalikuwa mambo ya shetani, hata nilipokuwa mtu mzima na kujua kwamba shetani ana kazi nyingine nyingi za kufanya. Hao masista walinifundisha kutengeneza sanamu za kanisani. Sista mmoja mzee, mwenye mikono inayotetemeka, alinitumia mimi kama mikono yake. Nilibandika vidole vya watakatifu vilivyokatika, nikapaka upya majoho, nikashikiza rangi ya dhahabu iliyokuwa ikibanduka kwenye taji. Ndiyo maana mama mwenye baa alikuja kwangu.

"Marehemu aliniambia," alisema. "Alisema, mke wangu ndiye fundi wa rangi."

Nilikitazama kioo. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyevaa gauni jekundu, amesimama wima juu ya mgongo wa farasi mweupe. Nyuma yake kulikuwa na hema kubwa la mistari, na pembeni mchekeshaji mmoja ameshika fungu la maputo. Sehemu ya mdomo na kidevu cha yule mwanamke haikuwepo. Shingo ya farasi ilikuwa na nyufa kama udongo wa jaruba lililokauka. Maputo mawili yalikuwa yamekwenda, na hema lilikuwa limetoboka hapa na pale, mwanga unapita.

Nikakiinua upande mmoja kidogo kutazama nyuma. Rangi ilikuwa imepakwa huko, nyuma ya kioo, na imejikunja kama maganda ya kitunguu. Mama mwenye baa alieleza kwamba msichana wake wa usafi alikifuta kwa kitambaa kibichi, kwa nia njema, na rangi ikatoka na kitambaa. Kabla ya hapo ilikuwa ikidondoka yenyewe, kidogo kidogo.

"Unaweza?"

"Sijui, mama."

"Jaribu."

"Sawa," nikasema.

Lilikuwa sawa kama masawa mengine yote. Lakini kioo kilikuwa kimelala juu ya meza, na meza ikiwa na kioo haifungwi kamba, kwa hiyo nilifungua gunia moja nikatoa sufuria na kikombe.

Siku mbili za kwanza sikufanya chochote ila kutazama. Nilikilaza kioo kifudifudi juu ya blanketi, rangi ikiwa juu, nikaketi mbele yake. Picha ya namna ile hupakwa kinyume. Kwa mtu wa sanamu, kama mimi, unaanza na rangi ya mwili na kumalizia na jicho. Kwenye kioo, jicho ndilo la kwanza. Mtu aliyechora picha ile alianza na mistari myembamba, kope na midomo, akafuata na mashavu, akafuata na gauni, akapaka nyeupe juu ya vyote, na mwisho rangi ya fedha, ili mwanga wa taa usipite ila pale alipotaka upite. Kwa hiyo ganda moja likidondoka, linaondoka na vyote kwa pamoja. Huwezi kupaka jicho juu ya kitu ambacho hakipo.

Mama mwenye baa alikuwa ameniletea pia kopo lenye vumbi na vipande alivyovizoa chini ya mashine. Nilivitenga kwa unyoya wa kuku kwenye sahani nyeupe. Vyekundu huku, vyeupe huku. Kimoja kilikuwa na nusu ya mdomo wa chini. Nilikitambua kwa ule mkunjo.

Kosa la kwanza nililifanya siku ya nne. Nilikuwa na vanishi kidogo, iliyobaki kwenye kopo la mume wangu, nikafikiri nikiipaka nyembamba itashika magamba yote kwa mara moja. Nikaijaribu pembeni kabisa, kwenye puto la kijani. Rangi ilinywea, ikajikunja kama jani la mnazi juu ya moto, na nilipojaribu kuirudisha kwa ncha ya brashi ikatoka yote. Puto likawa tundu safi la kioo. Nikakaa nikilitazama. Mtu mwingine angelia, au angetukana. Mimi niliosha brashi, nikaikausha, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi ndipo nilipomkumbuka yule sista mzee na gundi yake. Alikuwa hanunui gundi. Alitutuma kwenye migunga iliyokuwa nyuma ya shamba la misheni, tukabandua yale machozi ya manjano yanayotoka kwenye gome, ambayo watoto wachungaji huyatafuna wakiwa malishoni. Hapa pia migunga ilikuwepo, njia ya kwenda mtoni. Nilikwenda asubuhi na kisu na kikombe. Niliyaloweka kwenye maji ya moto mpaka yakayeyuka, nikayachuja kwa kipande cha kanga, nikatia spiriti kidogo ili gundi ipenye, na tone la asali ili ikikauka isipasuke. Kisha kwa brashi ndogo kuliko zote nikaigusisha kwenye ukingo wa gamba moja. Gundi iliingia chini yake yenyewe. Nikangoja. Gamba lililegea, likalala. Nikaliwekea karatasi niliyoipaka mshumaa, nikalikandamiza kwa kidole, nikahesabu mpaka mia, nikainua.

Likabaki.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilihamia gamba la pili.

Kazi ile ilichukua wiki sita. Naiandika hivyo, wiki sita, lakini kwangu hazikuwa na siku ndani yake. Niliamka, nikawasha jiko, nikanywa chai ya rangi, nikaketi. Ukifanya kazi ya namna ile unashusha pumzi kwa upande, usije ukapeperusha kitu. Huwezi kuwaza. Nilikuwa nashukuru kwa hilo, kama kushukuru ndilo neno lake. Jirani alikuwa akiniletea ugali na mlenda, akiweka mlangoni, na mara nyingine nilikuta umepoa na juu yake umeota ngozi.

Wiki ya pili sisimizi walikuja. Walikuwa wamesikia harufu ya asali. Niliamka nikawakuta msururu mwembamba, wamepanda mguu wa meza, wamefika kwenye hema, wanatafuna gundi kwa utulivu kama watu waliokaribishwa. Niliwapeperusha mmoja mmoja kwa unyoya. Halafu nikachukua makopo manne, nikatia maji na mafuta ya taa, nikasimamisha miguu ya meza ndani yake. Nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Hawakurudi.

Gauni ndilo lililonisumbua. Sehemu kubwa ya gauni, kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, haikuwa imepakwa na mkono ule ule. Kwa mbele usingeona tofauti kubwa, ila nyekundu yake ilikuwa kali kidogo. Kwa nyuma ilikuwa wazi: mtu alikuwa amebandika kiraka cha rangi nzito ya mafuta, nene kama ngozi ya maziwa, chenye michirizi ya brashi isiyofaa. Na rangi ile ilipokauka ilisinyaa. Ikisinyaa inavuta, na inapovuta inang'oa rangi ya zamani iliyo jirani. Shingo ya farasi ilikuwa inang'oka kwa sababu ya kiraka kile. Kila nilipolaza magamba ya shingo jioni, niliyakuta yamenyanyuka asubuhi.

Nikafikiri, fundi gani mjinga huyu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alifika mwishoni mwa wiki ya tatu. Alikuja kwa lori la pamba kutoka Shinyanga, mwanaume mpole, mrefu, mwenye duka la kutengeneza baiskeli. Nyumbani walikuwa wamengoja, wakaona sirudi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama meza iliyosimama kwenye makopo.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Karibu ndani."

"Mama anauliza kuna nini."

"Nina kazi."

Aliingia akaketi. Nilimpa chai. Alikunywa yote kabla ya kusema tena, na aliposema alitazama ndani ya kikombe. "Wazee wamekaa. Wamesema, kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na ya mama, na mke wangu hana neno... wewe si mgeni pale. Utakuwa na shamba lako. Hakuna atakayekusumbua." Alikuwa anaona haya. Nilijua hayakuwa mawazo yake. Alikuwa ametumwa aje na maneno hayo kama mtu anayetumwa na kifurushi.

"Nimesikia," nikasema. "Ngoja nimalize kioo."

"Kioo cha baa?"

"Ndiyo."

Hakubisha. Alisogea mezani kutazama, mikono ameiweka nyuma kama mtu aliye kanisani. Nilimwonyesha farasi, nikamwonyesha kiraka, nikamweleza kwamba aliyekipaka ameharibu picha nzima. Akainama zaidi.

"Hiyo rangi naijua," akasema.

"Unaijuaje?"

"Ni ya kwangu. Ni rangi ya baiskeli. Kaka aliniandikia nimpelekee kopo, nyekundu, miaka miwili sasa. Nilidhani ana baiskeli ya mtu."

Nikamtazama, kisha nikatazama kiraka.

Kesho yake nilikwenda baa. Ilikuwa asubuhi, viti vimepinduliwa juu ya meza, na hapakuwa na shetani yeyote, palikuwa na harufu ya sabuni na pombe iliyomwagika. Mama mwenye baa alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza nani alipaka gauni.

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Aliniomba nisikwambie."

"Mama."

"Ni yeye. Alikuja Jumapili tatu, wewe ukiwa kanisani. Alikaa pale, karibu na dirisha, anapaka, anakohoa, anapumzika. Nilimwambia, si mkeo ndiye fundi? Akasema alikwisha kukuomba, ukakataa."

Nilikuwa nimesahau. Aliposema hivyo nikakumbuka. Tulikuwa tunakula. Mume wangu alisema kuna picha pale baa inaharibika, nzuri sana, njoo siku moja uitazame. Nikamwambia mimi si fundi wa vitu vya walevi. Nilisema bila hasira, huku nachota mboga. Naye akasema haya, na tukaendelea kula, na mimi sikuwaza tena jambo lile. Yeye alikuwa ameliwaza. Aliandika barua Shinyanga, akangoja kopo, akaenda kwa siri kujaribu kazi ambayo hakuijua, kwa sababu aliona picha ile haifai kuachwa.

"Alikuwa anaogopa utamcheka," mama mwenye baa akasema.

"Ningemcheka," nikasema. Ilikuwa kweli.

Nikarudi nyumbani. Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta lori la kurudi nalo. Nikaketi mbele ya kioo, nikachukua wembe.

Watu wachache niliowasimulia habari hii hunikatiza hapa wakisema bila shaka niliacha kiraka. Sikukiacha. Kingebaki, farasi angekwisha kabla ya masika mengine, na baada ya farasi, miguu ya yule mwanamke, na baada ya miguu, hema. Niliingiza ncha ya wembe chini ya ukingo, mahali palipokwisha kunyanyuka, nikaenda nao polepole. Nilidhani kitakatikakatika. Kilitoka kizima, kipande kimoja kipana kama kiganja, kikiwa kimejikunja kidogo. Upande uliokuwa umelala kwenye kioo ulikuwa laini, unang'aa. Upande wa pili ulikuwa na michirizi, na ndani ya michirizi kulikuwa na unywele mmoja mweupe, mgumu. Ulikuwa wa brashi yake ya kunyolea. Alikuwa ametumia brashi ya kunyolea.

Nilikishika kwa muda. Kilikuwa hakina uzito wowote. Kisha nikakitia kwenye ndoo ya maganda ya viazi, na jioni nikaimwaga ndoo kwenye shimo la taka kama nilivyofanya kila jioni.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Ningeweza kukiweka kwenye kitabu cha sala, kisingechukua nafasi. Mkono ulikuwa na kipande cha rangi iliyobanduka, na rangi iliyobanduka isiyo na mahali pake hutupwa. Siku ile sikuwa na kitu zaidi ya mkono.

Shemeji alirudi akaniambia lori linaondoka alfajiri. Nikamwambia sitakwenda naye.

"Baada ya kioo?"

"Baada ya kioo pia. Mwambie mama nitakuja kumsalimia wakati wa mavuno. Lakini nitakaa hapa."

"Utakaa na nani?"

"Sijui bado, shemeji."

Alikuna kichwa. Nadhani alifarijika, lakini alikuwa na adabu ya kutoonyesha. Aliniuliza kama nahitaji kitu cha kutoka Shinyanga. Nikamwambia brashi ndogo, namba ndogo kuliko zote watakazokuwa nazo. Akaandika kwenye boksi la sigara.

Baada ya kiraka kutoka, shingo ya farasi ililala, ikabaki imelala. Nilimaliza magamba yote, nikapitisha gundi nyembamba juu ya uso mzima wa rangi, mara mbili, nikaiacha ikauke kabisa. Hapo ndipo vanishi ilipokuwa haina hatari tena, maana gundi ilikuwa katikati yake na rangi. Niliipuliza kwa bomba la dawa ya mbu, baada ya kuliosha mara nyingi mpaka mikono ikawasha. Ile nusu ya mdomo niliirudisha mahali pake. Nusu nyingine sikuipata, na kidevu sikukipata.

Pale palipokuwa na gauni sikupaka kitu kwenye kioo. Nilichukua karatasi nene, nikaipaka nyekundu, nikaikata ikakaa sawasawa na tundu, nikaibandika kwa nyuma kwenye pembe tu, ili siku atakapokuja fundi mwenye ujuzi kuliko mimi aweze kuitoa bila kung'oa chochote. Kidevu nilikifanya hivyo hivyo, kwa rangi ya ngozi, bila kuchora mdomo.

Wale wanaume wawili walikuja na blanketi lao. Niliwafuata nyuma, nikiwaambia wakibebe wima. Baani mama mwenye baa alikuwa amefungua mashine kwa nyuma, na nikaona kwa mara ya kwanza kazi ya mume wangu mahali ilipokuwa: nyaya zimefungwa kwa uzi kwa mafungu, kila fungu na kijikaratasi chake, mwandiko wake mdogo wa kuegemea kushoto. Taa zilikuwa nyingi mno. Joto lake ndilo lililokuwa likikaanga rangi miaka yote ile. Nikamwambia mama tutoe nusu. Akalalamika kwamba picha itafifia. Nikamwambia achague, ififie au iishe. Tukatoa nusu.

Kioo kikaingizwa. Jenereta likawashwa. Yule mwanamke akawaka, farasi akawaka, maputo yaliyobaki yakawaka. Katikati ya gauni palikuwa na doa zito, lisilopitisha mwanga vizuri, kama damu iliyokauka. Mama mwenye baa alisimama ameshika kiuno.

"Si kama zamani," akasema.

"Si kama zamani."

"Lakini ni gauni." Akanishika bega, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana. Haya, cheza."

Nikavuta kile chuma, nikaachia. Gololi iliruka, ikagonga kengele moja, ikashuka moja kwa moja katikati ya vidole vile viwili kabla sijajua vitufe viko wapi. Wale wanaume walicheka. Nikaaga nikaenda nyumbani, nikafungua kamba za viti.

Kulia nililia miezi mingi baadaye, sokoni, mchana, kwa sababu mwanamke muuza dagaa aliniongezea gao moja la mkono juu ya fungu langu na kusema chukua tu dada. Nilisimama pale na kikapu, nikalia mpaka watu wakaniletea kigoda. Yule mwanamke alidhani amenikosea.

Niliishi Geita miaka kumi na mitatu baada ya hapo. Parokia walisikia habari ya kioo wakaniletea sanamu, kisha wenye maduka wakaniletea mabango, na watu wakaniletea picha zao za harusi zilizoshikana na vioo vya fremu kwa unyevu. Dizeli ilipoadimika baa ililala giza, na mashine ikawa meza ya kuwekea kreti. Mama mwenye baa aliuza vitu vyake, akahamia Kagongwa kwa binti yake aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ya gololi aliiacha. Kioo alikwenda nacho, amekipakata kwenye lori njia nzima.

Nilimtembelea mara moja. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu. Kioo kilining'inia ukutani sebuleni, kati ya kalenda na picha ya Bikira Maria, hakina taa nyuma yake, na kwa sababu hiyo rangi zote zilionekana za giza, kama zimelowa. Nilisogea karibu. Magamba niliyoyalaza yalikuwa yamelala. Kwenye hema, juu kabisa, palikuwa na ufa mpya, mfupi. Ile karatasi ya gauni ilikuwa imepauka, karibu na rangi ya matofali.

Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma nje, na binti yake akaingia na sinia la wali, akaliweka juu ya mkeka. Mama aligeuza kichwa upande niliosimama.

"Gundi yako itashika mpaka lini?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Basi njoo tule," akasema, "wali unapoa."